Skrini pana iliyopinda: kazi kuu ikae katikati

Kwa wenzangu wa Tanga tunaoandaa nyaraka za mizigo ya bandarini kwenye skrini pana iliyopinda: msiigawe nusu kwa nusu. Kwenye Windows 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Z, chagua mgawanyo wa safu tatu wenye ya kati pana zaidi. Fomu unayojaza iweke katikati, ankara kushoto, barua pepe kulia. Ukigawa nusu kwa nusu, mpaka wa madirisha unakuwa mbele ya pua na shingo inageuka upande kutwa nzima, ilhali mpindo umetengenezwa kwa anayetazama katikati. Shingo ni ya kutunza jamani! Mpango huu unapogoma ni kwenye mikutano ya mtandaoni: ukionyesha skrini nzima, mwenye kompyuta mpakato haoni herufi. Hapo onyesha dirisha moja tu.