Jinsi ya kulinganisha ulaji wa umeme wa TV za LED, OLED na plazma

Kabla ya kubishana ni teknolojia ipi inakula umeme, angalia ukubwa wa kioo. Kioo cha inchi 55 kina eneo karibu mara tatu ya kile cha inchi 32, hivyo ukizishindanisha hizo mbili umeshaionea moja. Tafuta zenye inchi sawa.

Hatua ya 1: Pata kipima wati. Ni kile kifaa kidogo kinachokaa kati ya soketi na plagi. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa TV kwa kawaida ni kiwango cha juu, si ulaji wa kila siku.

Hatua ya 2: Sawazisha mipangilio. Ondoa hali ya picha kali ya kuvutia wateja dukani. Zima pia kihisi kinachobadili mwangaza kufuatana na chumba, la sivyo utakuwa unapima chumba, si TV.

Hatua ya 3: Onyesha picha zilezile. Anza na nyeusi tupu, kisha nyeupe tupu, halafu video moja ya dakika 10.

Hapa ndipo kila kioo hujianika. TV inayouzwa kwa jina la LED ni LCD, yaani kioo kisichotoa mwanga chenyewe, chenye taa nyuma yake. Kama taa hizo hazipunguzwi kufuatana na picha, wati hazitikisiki sana hata picha ikiwa nyeusi. QLED nayo ni LCD, jina lisikuzubaishe. OLED haina taa za nyuma. Kila nukta hujiwakia yenyewe. Weka nyeusi, wati zinaporomoka. Weka mechi ya mpira wa magongo kwenye barafu, zinapanda. Ila nyeupe ikijaa kioo kizima, utaona TV yenyewe inafifisha mwangaza ili isipitilize kikomo chake.

Kwa hiyo mpenzi wa filamu za gizagiza na mtazamaji wa habari studio nyeupe wanaweza kupata majibu tofauti kwa OLED ileile. Plazma nayo hufuata picha, lakini hula zaidi; watengenezaji wakubwa waliachana nayo kufikia 2014.

Rudia kipimo kwa video ya HDR (yenye tofauti kubwa zaidi kati ya giza na mwangaza) kama TV inaikubali. Mara nyingi ulaji hupanda.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Wati za wastani mara saa, gawanya kwa 1000, unapata uniti (kWh). TV ya wati 100 ikiwashwa saa 5 kwa siku inakula uniti 0.5, yaani 15 kwa siku 30. Lebo ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu 2021 huandika uniti kwa saa 1000, kwa hiyo namba hiyo ndiyo wati za wastani moja kwa moja.

Hatua ya 5: Pima ulaji wa TV ikiwa imezimwa. Izime kwa rimoti, usichomoe. Subiri dakika kadhaa ndipo usome. Nusu wati ni sawa, kama uniti 4.4 kwa mwaka mzima. Ukikuta wati 10 au zaidi, ingia kwenye menyu uzime kipengele cha kuwaka haraka, kisha upime tena.