Kuchavusha pasheni ya njano kwa mkono

Mpasheni umejaa maua, kisha yanaanguka na tunda halionekani. Usikimbilie mbolea; huenda maua hayakupata chavua inayofaa. Nazungumzia pasheni ya njano, inayostahimili joto la Malindi, si ya zambarau ya bara.

1. Simamisha nguzo na waya.

2. Panda miche isiyo ya ukoo mmoja. Wengi hukwama hapa. Pasheni ya njano hukataa chavua yake yenyewe, hata ikitoka tawi la upande wa pili wa shamba. Vipandikizi hamsini vilivyokatwa mpasheni mmoja ni mpasheni uleule mara hamsini. Miche ya mbegu za tunda moja ni afadhali, ila ni ndugu, na baadhi ya ndugu hukataana. Tafuta matunda matatu manne ya mashamba yaliyo mbalimbali: moja Gede, jingine Mambrui, jingine Gongoni. Mbegu ya kuomba kwa mkulima naipenda kuliko ya pakiti, kwa sababu mwenyewe hukupa na namna yake ya kupogoa. Changanya koo hizo katika mstari mmoja, zisikae kila moja kona yake.

Kama umeshapanda, pima. Funga kila mpasheni kitambaa cha kanga kuukuu, rangi mbalimbali. Paka maua kumi ya mwenye kitambaa chekundu chavua ya mwenye buluu. Baada ya siku nne tano, ua lililokubali huwa na kitunda kibichi kinachovimba; lililokataa hugeuka manjano na kudondoka. Yote kumi yakidondoka na mvua haikunyesha, hao wawili hawazai pamoja. Jaribu wa kijani.

3. Ngoja saa nane mchana. Ua hufunguka kwenye saa sita, lakini stigma zake tatu, yaani vichwa vya kike vinavyopokea chavua, huwa zimesimama wima. Huchukua kama saa nzima kuinama hadi usawa wa stameni, vile viungo vya kiume vyenye chavua. Zisizoinama kabisa ziache, hazishiki tunda.

4. Gusa stameni tano mpaka ncha ya kidole iwe ya njano, nenda mpasheni mwingine, paka stigma zote tatu. Kila mbegu inataka punje yake ya chavua, na maji ya pasheni yamo katika kifuko cha kila mbegu. Ukipaka kwa uvivu utavuna ganda lenye upepo. Brashi sipendi, hunywa chavua.

5. Maji yasiguse ua. Chavua ikilowa hupasuka, kwa hiyo mwagilia shinani. Mvua ikikukuta kabla ya muda wa saa moja na nusu kupita tangu upake, maua ya leo yamekwenda. Fanya ya kesho.

6. Nyuki wa asali asikudanganye: ni mdogo, huchukua chavua akapita chini bila kugusa stigma. Anayefaa ni yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Muachie boriti kavu kando ya shamba, na dawa ya wadudu ukilazimika kupiga, piga usiku maua yakishafunga.

Tunda huiva kwa siku 60 hadi 80 na kuanguka lenyewe. Okota kila asubuhi, kabla jua halijalichoma.