Jinsi ya kuelewa kufungiwa kwa Gaza: fuata safari ya mgonjwa mmoja

Swali linalorudi kila siku ni "kwani hawa watu wa Gaza si watoke tu?" Ukitaka jibu, siasa ziweke pembeni kwanza, fungua ramani. Gaza yote ni kilomita za mraba 365, ina watu zaidi ya milioni 2. Uwanja wa ndege ulifunguliwa 1998 na miaka michache tu baadaye Israeli ikauharibu, na tangu Hamas ishike madaraka 2007 Israeli na Misri zimebana mipaka, kwa hiyo watu wakabaki na milango miwili, Erez kaskazini wa kuingia Israeli na Rafah kusini wa kuingia Misri.

Sasa mchukue mama mmoja mwenye saratani, mwaka 2022 tuseme, anatakiwa apigwe mionzi. Gaza hiyo huduma haipo, anapelekwa hospitali ya Augusta Victoria, Yerusalemu Mashariki, ambako hata kilomita 100 hazifiki. Kwanza daktari amwandikie rufaa, halafu wizara ya afya ya Palestina ikubali kulipa, halafu hospitali impe tarehe, ndo ombi la kibali liende Israeli kupitia ofisi ya Kipalestina ya mambo ya kiraia, kisha anakaa anaiangalia simu. Akikosa kibali, mara nyingi wala hanyimwi, anaambiwa bado wanachunguza, tarehe ya hospitali inapita, anaanza upya, na uvimbe hausubiri karatasi. Anayemsindikiza naye anaombewa kibali chake, ndo maana kuna watoto wagonjwa waliosafiri na bibi kwa sababu mama na baba hawakupata. Inaniuma sana hii.

Rafah nako unajiandikisha na kungoja jina litoke kwenye orodha, mwenye hela analipia tansiq, yaani mpango wa kuwahishwa.

Halafu rudi nyumbani kwake. Umeme siku nzuri masaa nane unawaka masaa nane umekatika, siku mbaya masaa manne tu kwa siku. Maji ya bomba yana chumvi, ya kunywa yananunuliwa kwenye maboza. Umeme ukirudi saa nane usiku watu wanaamka, pampu inawashwa maji yapande kwenye tangi la juu ya paa, nguo zinafuliwa hapohapo, simu zote kwenye chaji. Na maji ya mtaa yakija wakati umeme haupo, tangi halijai.

Hayo ni ya kabla ya Oktoba 2023. Vita ikaja, Erez ikafungwa, Mei 2024 jeshi la Israeli likakamata Rafah upande wa Gaza, hata ule mlolongo wa karatasi ukavunjika.

Kwa hiyo ukisikia "kivuko kimefunguliwa" usiishie hapo, uliza ni kipi, maana Kerem Shalom, kivuko kingine huko kusini cha kuingia Israeli, kwa kawaida ni cha mizigo, kama ni cha watu wanapita wangapi kwa siku, na aliyetoka ataruhusiwa kurudi kwake au la.