Kabla hujaanzisha rimedio, fungua rejista

Walimu wenzangu wa shule za kata, matokeo ya NECTA (baraza la mitihani) yakitoka mabovu kikao kinaamua kitu kilekile, rimedio, yaani vipindi vya ziada kwa wanaofeli, mpaka saa kumi na mbili jioni, wakati wanaofeli ndo haohao wanaotembea masaa mawili kurudi kwao. Mi nimeacha, saivi naanza hivi.

Chukua rejista ya mahudhurio iweke pembeni ya matokeo ya nusu muhula. Usihesabu jumla tu, angalia siku. Anayekosa kila siku ya mnada sio sawa na anayepotea kipindi cha kupalilia, na yule anayekuja kila siku ila saa nne huyo ni umbali, fimbo haifupishi njia. Binti anayekosa siku tatu nne kila mwezi mwachie mwalimu wa kike aongee naye, usimuulize mbele ya darasa jamani.

Halafu muite mmoja mmoja, umuulize kwa Kiswahili: umetoka saa ngapi, jana umekula nini, usiku unasomea taa gani, unakaa na nani. Wa geto, wale waliopanga chumba karibu na shule, usiwasahau kabisa, mtoto wa kidato cha pili anajipikia mwenyewe, unga ukiisha Alhamisi basi Ijumaa humuoni.

Kama wengi ni njaa, anza na chakula. Ada ilifutwa 2016 lakini chakula cha mchana shule za kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi, kwa hiyo itisha kikao watu wakishavuna, omba debe la mahindi na maharage, usiombe hela. Ukiitisha Februari ghala tupu utaambulia maneno tu (yalishanikuta).

Lugha nayo: katoka darasa la saba la Kiswahili, fomu wani kila kitu Kiingereza. Anza na maneno yanayotumika kuuliza maswali, wengi jibu wanalo ila hawajaelewa wameulizwa nini.

Sasa ndo uje kwenye maksi. D inaanzia 30, na kutoka divisheni ziro (kufeli) kwenda divisheni foo (daraja la chini la kufaulu) ni D mbili tu au C moja. Mwenye 27 ya Jiografia na 28 ya Baiolojia huyo yupo mlangoni, mpange kundi lake, rimedio iwe mchana baada ya uji, wiki mbili, kisha ifungue tena ile rejista.