Namna ya kujaza watu na kelele kwenye mechi ya chuo

Mimi ni mpiga msondo, ile ngoma ndefu. Mara nyingi utanikuta harusini, lakini vijana wa chuo wakiwa na mechi ya nyumbani hunipigia simu niwaongozee mashabiki. Kila mwaka huja viongozi wapya na maswali yale yale, basi nimeona niyaandike.

Anza na saa. Mechi ikiwekwa saa nane mchana hapa Mombasa, umewafukuza watu kabla hawajaja. Jua la kaskazi linachoma, na Alasiri inaadhiniwa mpira haujesha. Weka saa kumi na robo. Watu washaswali, jua limelegea, na filimbi ya mwisho hulia kama saa kumi na mbili na dakika tano, kabla ya Magharibi. Jumamosi iogope. Mechi za saa tisa za Uingereza huku kwetu ni saa kumi na moja, na wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba zinasogea hadi saa kumi na mbili. Utashindana vipi na Arsenal kwenye banda la video? Jumatano wanafunzi wapo, na wengi hawana kazi jioni.

Kisha wakusanye. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Watu mia mbili wakitawanyika kuzunguka uwanja mzima ni kama hawapo, lakini ukiwabana upande mmoja wanatisha. Chukua upande wa magharibi: jua litakuwa mgongoni mwao, na kama kuna mwarobaini au ukuta, kivuli chake kitawaangukia. Funga kamba, weka kitambaa cha rangi ya chuo, na wapiga ngoma wakae katikati ya watu, si mbele yao. Ukiwaweka mbele, umma utageuka watazamaji wa ngoma.

Ngoma zenyewe zina adabu yake. Hewa ya huku ina unyevu wa bahari, na ngozi hulegea. Saa nzima kabla ya mechi washa moto mdogo wa makuti nyuma ya uwanja, uzungushe uso wa ngoma polepole, huku ukigonga kwa ncha za vidole mpaka ule mlio mzito ukauke. Msondo mmoja, ngoma ndogo mbili za chapuo, ngoma kubwa ya vumi, na mtu wa tarumbeta, vinatosha. Vuvuzela mimi sizitaki, kwa sababu hazijui kunyamaza, na zinameza sauti za watu.

Maneno nayo yatungwe mapema. Mmoja auliza, wote waitikia, na mizani iwe sawa ili hata mgeni aingie bila kufunzwa. Hili lilipendwa sana:

Kipa wenu ana nini?
Mikono ina sabuni!

Mizani nane kwa nane, linakaa vizuri kwenye chapuo. Kijembe kinaruhusiwa, tusi halina nafasi, maanake nyuma yako wamekaa mama zetu na watoto. Na mfanye mazoezi. Huko Marekani, kwenye ule mpira wao wa kushika mikononi, mashabiki wa chuo cha Texas A&M hukutana uwanjani saa sita usiku wa kuamkia mechi ya nyumbani wafanye mazoezi ya kelele tu. Sisi jioni moja nje ya bweni yatosha.

Hao Wamarekani wana la kutufunza, ingawa wengine wakiona bendi zao wanadhani ni mambo mageni. Matarumbeta, gwaride, sare, na kundi hili kulishinda lile, pwani yetu iliyajua zamani kwenye ngoma ya beni. Tofauti ni ukubwa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, pale Ann Arbor, una nafasi zaidi ya 107,000. Chuo Kikuu cha Nebraska wanahesabu kwamba tikiti za mechi zao za nyumbani huisha zote tangu 1962. Lakini tikiti iliyouzwa si mtu aliyekaa, na hata wakubwa hao wanafunzi wao huondoka mapema. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Alabama walianza kutumia programu ya simu inayowapa pointi wanafunzi watakaobaki mpaka robo ya nne, ndiyo ya mwisho.

Kwa hiyo usihesabu watu mlangoni. Hesabu dakika ya sitini. Ukitaka wabaki, bahati nasibu ichezwe baada ya filimbi ya mwisho, na zawadi iwe kitu cha maana kwa mwanafunzi, kama bando la intaneti au chakula cha kantini.

Chakula kiwe karibu, kwani anayetoka nje ya geti kutafuta viazi karai harudi. Muombe mama wa viazi aweke karai lake nyuma ya mashabiki, upande ambao upepo unawaletea harufu. Wa mihogo na pilipili ya ndimu awe pembeni, na wa maji na juisi ya ukwaju wapite katikati ya watu. Usiwatoze ada ya kuuza. Wao ndio wanaokushikia umati.

Wakati wa mchezo, kelele ziwe na mpango. Wageni wakianza mpira nyuma, paza. Wa kwetu wakipiga kona, gonga polepole, halafu ongeza mwendo mpaka mpira uondoke mguuni. Mchezaji akiumia, awe wetu au wao, ngoma zisimame mara moja. Tukifungwa, usisubiri huzuni ikae: tarumbeta ilie kabla mpira haujarudishwa katikati.

Mwisho kuna mapipa ya taka, tuktuk ya kubeba ngoma, na malipo ya wapigaji. Malipo yatolewe uwanjani, mkononi, siku hiyo hiyo. Ukiniambia nije ofisini Jumatatu, mechi ijayo tafuta msondo mwingine.