Vigae au mabati? Anza na kenchi, si rangi
Kabla hujapenda rangi ya paa, uliza uzito wake. Vigae vya udongo au vya zege hufika kilo 40 hadi 60 kwa mita moja ya mraba. Bati la kawaida ni kama kilo 5 tu, au chini ya hapo. Mzigo huo unabebwa na kenchi (fremu ya mbao inayoshikilia paa), kuta na msingi. Ndiyo maana nyumba iliyojengwa kwa ajili ya bati haivishwi vigae baadaye bila fundi kukagua na kuimarisha mbao kwanza. Tafadhali usiiruke hatua hii. Paa likishaanza kubonyea katikati, ni kufumua na kuanza upya.

Vigae vinataka pia mteremko mkali, la sivyo mvua ya upepo inapenya chini yake. Bati huvumilia mteremko mdogo.

Ukichagua bati, angalia geji, yaani kipimo cha unene wake: namba ikipungua unene unaongezeka, hivyo geji 28 ni imara kuliko 30. Karibu na bahari, lililopakwa zinki tupu hushika kutu mapema. Lenye alumini na zinki hudumu zaidi. Kelele za mvua hupungua ukiweka dari.