Mashahidi Sita, Nafasi Sita: Ninavyotatua Mafumbo ya Mfuatano ya LSAT

Kama unajiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani na Kanada, ujue kwanza kwamba mafumbo haya hayamo tena: sehemu yake iliondolewa Agosti 2024. Awali ulipewa dakika 35 kwa mafumbo manne, yaani chini ya dakika tisa kwa kila moja. Mpwa wangu hapa Toronto bado namtolea mitihani ya zamani. Sijaona zoezi jingine linalomzoesha mtu kusoma sharti kama lilivyo bila kuongeza la kwake, na sheria nayo inataka hivyohivyo.

Chukua hili nililomtungia. Mashahidi sita wanatoa ushahidi mmoja mmoja: Asha, Baraka, Chausiku, Daudi, Eshe na Farida. Baraka anatangulia Chausiku. Chausiku anatangulia Asha. Daudi anamfuata Asha papo hapo. Eshe ni wa tatu.

Chora vistari sita, kisha E mweke kwenye cha tatu mara moja, maana huyo hana mjadala. Masharti mengine yaandike kwa herufi tu, na mtu akitajwa katika masharti mawili, yaunganishe: B – C – [AD]. Mabano yanaonyesha wasioachana. Kistari kati ya herufi hakisemi umbali. Kati ya B na C anaweza kukaa mtu, au asikae yeyote. Hapo ndipo wengi huongeza la kwao. F hajatajwa popote, mzungushie duara.

Sasa usikimbilie maswali yanayofuata fumbo. Anza na aliyebanwa zaidi, yaani AD. Wanataka nafasi mbili zinazofuatana, nyuma ya B na C, na ya tatu imeshachukuliwa. Zimebaki 4 na 5, au 5 na 6. Basi, chora mistari miwili.

Wakikaa 4 na 5, B ni wa kwanza, C wa pili, F wa mwisho. Mstari umejaa. Wakikaa 5 na 6, B, C na F wanagawana nafasi ya 1, 2 na 4, mradi B amtangulie C. Njia ni tatu tu: FBEC, BFEC, BCEF. Bila masharti kulikuwa na mifuatano 720, imebaki minne.

Mpwa wangu hubisha kwamba kuchora kote huku ni kupoteza muda. Fumbo likigawanyika mara mbili, au tatu, mimi nachora. Likitaka kugawanyika mara sita, naacha, naingia kwenye maswali.

Tazama faida yake. Nani anaweza kuwa wa mwisho? Daudi au Farida, basi. Farida akiwa wa pili, nani wa nne? Chausiku. Hukuhesabu chochote, umesoma tu mchoro.

Swali la kwanza kwa kawaida huuliza ni mpangilio upi unaokubalika. Usishike jibu moja ukalipitisha kwenye masharti yote. Shika sharti moja, pita nalo majibu yote matano, futa yanayolivunja, halafu shika la pili. Ni haraka zaidi, na unayazoea masharti bila kujua.

Baadaye fanya yanayoanza na “ikiwa”. Kila moja lichoree mstari wake pembeni. Mchoro mkuu usiguswe, maana dhana ya swali la tatu haina kazi katika swali la nne. Mistari hiyo usiifute. Ukiulizwa nini lazima kiwe kweli daima, jibu ambalo mmoja wa mistari hiyo unalikanusha limeshakufa.

Lile linalotaka ubadilishe sharti moja kwa jingine lenye matokeo yaleyale, liache mwisho kabisa. Linakula dakika mbili na alama yake ni ileile moja.